Shefu Aliyetuambia Tulete Viti

Ninyi vijana mutakaosoma maneno haya, musianze kuniuliza Shefu alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani. Hayo siandiki. Bazee ba ukoo wake bako, mubaulize hao. Mimi naandika yale niliyoyaona na macho yangu, juu ya niliishi naye avenyu moja, mutaa mumoja, miaka mingi, nyumba yake upande huu wa kiwanja, yangu upande ule. Darasa nilifika la tatu tu. Mukikuta kosa la kalamu, mulirekebishe mu kichwa na muendelee. Mukikuta uongo, muje muniambie usoni. Uongo mumoja nitauonyesha mimi mwenyewe, uko humu ndani, na ni wangu.

Kiwanja ninachosema munakijua. Ni kile cha avenyu yetu hapa Baraka, kati ya ukuta wa kanisa na michikichi. Si kikubwa, mutu akitupa jiwe kwa nguvu linavuka. Lakini mu avenyu yote hakuna fasi nyingine mutoto anaweza kukimbia bila kukutana na pikipiki, na hakuna fasi nyingine mama anaweza kuanika muhogo bila kuuanika ku barabara, magari yaupake vumbi. Nikisema kiwanja, mujue nasema kitu hicho.

Shefu alikuwa shefu wa avenyu. Kazi hiyo haina mushahara, iko na matusi tu. Mikono yake iliishi kwa kushona nyavu. Ungemupita asubuhi ungemukuta mbele ya mulango, wavu umelala ku magoti kama mutoto mugonjwa, na kinywani ameuma uzi, hivi hata ukimusalimia anakujibu na nyusi. Alikuwa mufupi, masikio makubwa, kofia moja ya sufi mvua na jua. Begani kila siku kamba ya nailoni, kamba ya bavuvi, iliyofungwa mafundo. Kila fundo ni hatua yake moja. Njo aliyopimia parsele za batu, vipande vyao vya ardhi. Na kwa sababu hatua zake zilikuwa fupi, batu balisema parsele ikipimwa na Shefu inakuwa kubwa kuliko ilivyolala jana.

Salamu ndefu hakuzipenda. Alipita mbele yangu akasema, "Mama Sifa, umeamka?" Mi najibu, "Nimeamka." "Na nyumba?" "Iko." "Basi." Ameshakwenda. Mimi nilimupenda kwa hilo, juu ya mimi pia sina muda wa kuulizwa habari ya kuku mumoja mumoja. Lakini mutu huyo huyo, umupe mukutano, umeharibu siku yako. Alikuwa anasimama na kusema, "Nitasema maneno mawili tu." Bamama tulipomusikia hivyo kila mutu alivuta beseni lake na kuanza kuchambua sombe, majani ya muhogo. Beseni linajaa, Shefu hajafika ku neno la pili. Siku moja muke wake alimukata mbele ya batu bote: "Baba, sombe imekwisha, na we umalize." Akakaa. Hakukasirika. Alisema, "Nilikuwa karibu."

Juu ya mbuzi, niseme ukweli wote. Shefu alichukia mbuzi mu kiwanja kuliko shetani. Akiona mbuzi wa mutu anakula majani pale, anavua kamambili muguuni na kuitupa, na alilenga vizuri, hata mbuzi balimujua. Lakini mbuzi wake mwenyewe, yule mweupe mwenye pembe moja, alifungwa ku muchikichi wa pembeni kila siku ya Mungu. Muzee muvuvi mumoja wa nyumba ya tatu alimuuliza, "Shefu, na huyu?"

"Huyu hali. Anapumzika."

"Na midomo inafanya nini?"

"We muzee, ulishaona mutu anapumzika bila kutafuna?"

Tulicheka mpaka jioni. Alimutoa? Hakumutoa. Alimutoa siku muke wake alipomuuza sokoni bila kumuuliza. Shefu alikuwa hivyo. Kwa mambo ya batu alikuwa muti ulionyooka, kwa mambo yake mwenyewe alipinda kama sisi bote. Mukimusikia mutu anamusifu bila kutaja yule mbuzi, mutu huyo hakumujua.

Kitu kimoja kilichokuwa chake, na ambacho sijakiona kwa shefu mungine, ni hiki. Maneno yakiisha, batu bamesikilizana, kila mutu ameshika kiti chake aende, yeye anauliza, "Nani hajasema?" Halafu ananyamaza. Tena anangojea kweli, haangalii chini, haangalii saa, anaangalia uso mumoja mumoja. Batu balichukia swali hilo. Jua linachoma, nyumbani bugali inangojea, na yeye amesimama pale. Lakini kila mara palikuwa na mutu hajasema, na mara nyingi ni neno lake lililotufungua macho. Muke wake aliniambia hata nyumbani, hata juu ya samaki mu sahani, anauliza batoto nani hajasema.

Sasa nifike ku habari yenyewe.

Siku moja binti mumoja wa biro, ofisi ya mji, alikuja na pikipiki, kofia ya kinga mukononi, mufuko wa karatasi begani. Alikuwa na adabu, alisalimia bazee kwanza. Alisema mji unataka kujua juu ya kila kiwanja kidogo cha kila kartie ya mji: nani anakitunza, kinatumiwa kwa kazi gani, mupaka wake uko wapi. Kila avenyu ikae, isikilizane, ijaze fishi, karatasi yao ya maswali, irudishe mbele ya mwisho wa mwezi. Kiwanja ambacho hakina batu ba kukisemea kitahesabiwa kuwa kiko wazi, na mutu mwenye kukiomba anaweza kupewa.

Mwenye kukiomba tulimujua. Mufanyabiashara mumoja wa simenti alikuwa ameshapita mara mbili, anakitazama kama mutu anavyotazama nyama ya kununua. Alitaka kujenga depo ya kuwekea simenti yake. Depo ikijengwa pale, camion, malori makubwa, zitaingia na kutoka siku nzima, na batoto betu batacheza wapi, mu matairi?

Binti akasema ameshaomba darasa moja ku shule ili tukutane huko, kuko na mabenchi na ubao.

Shefu akamuuliza, "Kiwanja kiko wapi?"

"Kiko hapa, baba."

"Basi tutakisemea darasani kwa nini? Kiko mugonjwa, hatutaki kisikie?"

Binti alicheka. Shefu hakucheka. Alitangaza kwamba Jumamosi asubuhi kila nyumba ilete kiti chake mu kiwanja. Mutu asianze na kusema. Aweke kwanza kiti fasi ile anayoitaka: kama unataka kukaa, weka pale utakapokaa, kama unataka kuanika, weka pale utakapoanika, kama ni batoto bako bacheze, weka pale batakapocheza. Halafu ukae juu yake, na tutaona.

Batu balikuja. Nilishangaa, hata bale basiotoka kwa mazishi balikuja. Viti vya mbao, vya plastiki, vigoda, muzee muvuvi alileta ndoo akaipindua. Tulikaa. Shefu alizunguka na kaye yake ya kuandikia, binti nyuma yake anachora. Bazee hapa, bamama hapa, vijana na mupira kule upande wa michikichi ambako hapakuwa na kiti hata kimoja. Kwa saa mbili tu tulikuwa tumesikilizana bila mutu kutukana mutu. Ingefaa nijue hapo hapo kwamba kuna kitu kimeharibika. Avenyu yetu haisikilizani kwa saa mbili hata juu ya kununua ndoo ya kuteka maji.

Jumatatu nilileta muhogo wangu ku fasi niliyopewa, na unga niliokuwa nachekecha, beseni zima. Ilipofika saa nane jua likanifukuza, nikahamia chini ya michikichi. Nikakuta bazee bamekwisha hamia pale. Bamama bengine nao balikuja. Vijana bakaja na mupira wao, fasi yao ya halali, iliyoandikwa. Maneno yakaanza. Na katikati ya maneno mutu akapiga mupira, ukaingia mu beseni langu.

Nilikwenda kwa Shefu jinsi nilivyokuwa. Alinyanyua macho ku wavu wake.

"Mama Sifa, umejipaka nini?"

"Nimepakwa na mapatano yako."

"Mapatano gani yanapaka unga?"

"Inuka uje kuona, Shefu. Nasema inuka."

Alikuja. Alisimama mu kiwanja, akatazama upande wa kanisa: hakuna mutu, jua tupu. Akatazama michikichi: batu bote, viti vyote, mupira, muhogo, mabishano. Halafu akasema pole pole, "Tulikuja asubuhi. Asubuhi kivuli kiko ku ukuta wa kanisa. Tulipanga kivuli, hatukupanga kiwanja."

Ilikuwa kweli. Sisi bote, batu bazima, kila mutu aliweka kiti chake mu kivuli cha asubuhi na kukiita haki yake. Hata mimi, niliyeleta kiti juu ya muhogo, nilikiweka kivulini. Muzee muvuvi aliniuliza mbele ya batu, "Mama Sifa, muhogo wako unakauka gizani?" Nilimwambia anyamaze.

Basi Shefu alifanya kitu ambacho sikukiona kwa mukubwa yeyote. Alisimama ku barabara, kofia mukononi, akasema, "Nimekosa mimi. Kesho mulete viti tena, saa tisa." Tukaleta. Tukaweka upya. Na mvua ilipopiga usiku mumoja, asubuhi yake akatuita mara ya tatu, tuweke viti mu matope. Batu balinung'unika. "Shefu anatubebesha viti kama batu banaohama." "Kiti changu kimechoka kuliko mimi." Lakini balikuja, hata bale bakaidi, juu ya kila mutu aliogopa fasi yake isemewe na mungine.

Mara ile ya tatu ndiyo Mama Espe alisema. Huyu alikuwa mama wa kutoka Burundi, alikimbia na batoto bake, alikaa mu nyumba ya kupanga mwisho wa avenyu, na mu pembe ya kiwanja alilima lengalenga, muchicha wetu, mistari minne safi kuliko nywele zilizosukwa. Batu bengine balikuwa bameanza kusema lengalenga ing'olewe, juu ya kiwanja ni cha wenyeji. Mimi nilikuwa mu bale. Naandika hivyo hivyo.

Mara ya kwanza na ya pili hakuleta kiti. Alisimama pembeni. Tulipomaliza, Shefu aliuliza swali lake, "Nani hajasema?" Akangojea. Macho yake yakaenda yakasimama kwa Mama Espe.

"Mi ni mugeni, Shefu," akasema.

"Sikuuliza nani ni mugeni."

Akafunga kitenge vizuri. Akasema, "Fasi muliyobapa batoto njo njia ya maji. Mi nalima pale karibu, naona. Mvua ikija, yanatoka ku ukuta wa kanisa yanapita pale, yanachimba. Mwaka huu yamechimba mutaro wa kiganja. Mwaka kesho utafika ku goti. Batoto mubaweke huku ku lengalenga, kuko juu. Mi nitahamisha majani yangu kule ku maji. Lengalenga inapenda maji, mutoto hapendi."

Tulikuwa tumesimama mu matope yenyewe, na mutaro ulikuwa pale mbele ya miguu yetu. Muzee muvuvi akavuta ndoo yake pole pole akaihamisha. Nyuma yake bote bakahamisha. Mimi nilibaki wa mwisho, si juu ya ubishi, ni haya. Kutoka siku ile fasi mupya ya lengalenga iliandikwa mu fishi kama kazi ya kiwanja, na Mama Espe anatuuzia majani mpaka leo. Bei yake si ya huruma, nimemwambia mara nyingi.

Juu ya utunzaji kulikuwa na shida nyingine. Mu fishi kulikuwa na mustari mumoja wa jina la mutunzaji. Binti alisema, "Baba, hapa fasi ni ya jina moja. Tukuandike wewe?" Batu tukaitika, tukafurahi, juu ya jina lake likiandikwa kazi ni yake na lawama ni yake. Shefu akakataa. Alisema, "Ukiandika mutu mumoja, batabaki kunitazama nafagia. Chora mistari mingine." Binti akasema fishi haichorwi. Shefu akasema, "Fishi imekuja kutuuliza sisi, au sisi tumekuja kuijaza tumbo?" Yule binti, Mungu amubariki, akatoa rula na kuchora mistari minne. Upande wa kanisa, upande wa michikichi, upande wa barabara, na upande wetu. Kila upande na juma lake la kufagia, na mutu wake wa kuulizwa. Wa upande wetu nikaandikwa mimi.

Sasa mupaka. Hapa ndipo uongo.

Lupango la nyumba yangu, uzio wake, linatazama kiwanja. Lilikuwa la fito na matete, na mulio na lupango la matete munajua: mvua mbili, tatu, miti inaoza chini. Kuling'oa lote na kuchimbua visiki ni kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo kila mara tulipolijenga upya, nilibaambia bana bangu, "Musichimbue, mupande mbele ya zile za zamani." Hatua moja tu. Nyuma visiki vinaoza vyenyewe, na fasi iliyobaki katikati tunaweka kuni. Tulijenga upya mara tano. Hesabuni ninyi muliosoma. Mimi nilijua. Sikuwa najua kama mwizi anavyojua, nilijua kama mutu anayejua kwamba dirisha lake liko wazi na hataki kuinuka kulifunga.

Siku ya kupima, Shefu alishika kichwa cha kamba ku ukuta wa kanisa, akatembea akihesabu mafundo kwa Kibembe, chini chini, kama anayesali. Batu nyuma yake. Alifika ku lupango langu, akasimama. Akaligusa na mukono. Akanitazama.

"Mama Sifa, mwisho ni hapa?"

Batu bote balikuwa pale, hata Mama Espe, ambaye mimi nilitaka majani yake yang'olewe juu ya kiwanja ni cha bote. Ningesema nini? Nilisema, "Ni hapa, Shefu. Pengine wapi?"

Alitoa mukono ku lupango. Kisha akageukia binti, akasema namba. Binti akaandika. Kamba ikarudi begani. Mimi masikio yalikuwa yananilia, hata namba sikuisikia. Karatasi moja ilikwenda biro, nyingine ikabaki kwa kanisa, na sikuitazama hata siku moja, ingawa namba najua kuzisoma.

Kiwanja tulibaki nacho. Mwenye simenti hakupewa, aliambiwa angojee. Miaka ikapita, batoto bakakimbia. Na mimi, musimamizi wa upande wetu, nilikuwa mukali kuliko Shefu mwenyewe. Mutu akiegemeza tofali moja mu kiwanja nilikuwa juu yake. Nilisema sana mambo ya mupaka. Mutu mwenye dhambi ya kitu fulani anasema kitu hicho kila siku, mulishaona? Shefu alinisikia nikigombeza batu, akapita na salamu yake. "Umeamka?" "Nimeamka." "Na nyumba?" "Iko." "Basi." Hakuongeza. Nilidhani amesahau, au amezeeka macho.

Macho kweli yalizeeka. Muke wake alipofariki, binti yake mukubwa alimuchukua akaishi naye Swima. Shefu mungine akawekwa, ni muzuri, hana makosa, na mikutano yake ni mifupi. Haulizi batu swali lolote mwishoni.

Halafu mwaka huu, mwanzo wa juma moja, yule binti wa biro akarudi. Amenenepa, ameolewa. Alisema kazi ile ya viwanja sasa inafungwa: batapita na mashine ya kupima, na kiwanja ambacho vipimo vyake vinalingana na fishi kitapewa karatasi ya kudumu, hakuna mutu atakiomba tena. Na visipolingana? Akasema, akiniita Koko juu ya sasa mi ni bibi, "Visipolingana, Koko, fishi inarudi mezani, na maombi yote yaliyongoja yanarudi mezani."

Sikulala. Sikusema nyumbani ni kwa nini. Nilifanya hesabu yangu: mashine si mutu, haimuulizi Mama Sifa mwisho ni wapi. Itafuata mupaka wa kweli wa zamani, itaona hatua tano za uongo, fishi itaanguka, depo itajengwa, na batoto ba avenyu bataambiwa ni juu ya bibi fulani hakupenda kuchimbua visiki.

Nilipanda pikipiki kwenda Swima. Mimi, umri huu. Nilimugombeza dereva njia nzima juu ya kukimbia, na tulipofika nikamugombeza juu ya kuchelewa.

Shefu alikuwa amekaa mulangoni, wavu ku magoti. Macho yamefunikwa na weupe, lakini vidole vinashona vyenyewe. Sikufungua kinywa, akasema, "Karibu, Mama Sifa."

"Umenionaje?"

"Sikukuona. Nimesikia dereva anatukanwa toka kule ku njia."

Nilikaa. Akaniuliza muhogo, Mama Espe, kama muzee muvuvi bado anakaa ku ndoo. Akaniuliza mbuzi ba nani banaingia. Nilijibu. Kisha nikasema yote mara moja, bila kupumua, lupango, fito, visiki, mara tano, na mashine inayokuja. Nikasema, "Nimeua kiwanja, Shefu. Nimekuja kukuambia mbele ya kubaambia bengine."

Vidole havikusimama. "Ni hatua tano," akasema.

"Ulijua?"

"Mama, mi nilikuwa pale siku kiwanja kilipotolewa. Nilipima na kamba hii hii, toka ukuta wa kanisa mpaka ku jiwe la mupaka. Jiwe hilo liko wapi leo?"

Nilifikiri. Nikaona haya kama musichana. "Liko ndani ya lupango langu, karibu na jiko. Tunalikalia tukichambua sombe."

"Njo hilo. Basi nilimwambia binti namba ya jiwe. Lupango lako sikulihesabu. Namba iliyo mu fishi ni ya kweli toka siku ya kwanza."

Sikuelewa upesi, mimi si mutu wa karatasi. Aliniambia tena pole pole. Mashine ikifuata jiwe italingana na fishi. Itakachokuta vibaya ni lupango.

"Kwa hiyo kiwanja hakitaondoka," nikasema.

"Hakitaondoka."

"Na mimi?"

"We utaondoka hatua tano."

Nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikacheka tena. Kitu kilichokaa ku mabega yangu miaka yote ile kilishuka, nilisikia kinashuka kama mutu anapotuliwa kuni. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile ile, mbele ya batu.

"Mi nakujua. Ningekushika mbele ya batu ungekana. Na we ukikana kitu hurudi nyuma mpaka kaburini. Bale bengine bangegawanyika, nusu kwako nusu kwangu, na mwisho wa mwezi ulikuwa karibu. Nikasema, nitamungojea." Akauma uzi, akaukata. "Nimengojea sana, mama. We uko muzito."

"Na kama ningekufa bila kuja?"

"Ningekuja ku kilio, nipime."

Tulikunywa chai. Hakuniomba kitu, hakunipa mahubiri, hata yale maneno yake mawili hakuyaleta. Nilipoinuka aliniuliza kama dereva bado yuko au amekimbia, basi.

Nilirudi Baraka mbele ya saa kumi, jua bado liko juu. Ndani ya lupango bana bangu na bajukuu balikuwa banangojea nipime unga wa bugali. Sikuvua hata kilemba. Nilibaambia, "Hakuna kupika kwanza. Mung'oe lupango lote la upande wa kiwanja, visiki vyote muvichimbue, mupande jipya nyuma ya jiwe hili munalolikalia. Mashimo muyafukie mpaka yalingane na udongo, mutoto wa mutu asivunjike muguu akikimbia. Na jirani akiuliza ni kwa nini, musiseme lilioza. Museme Koko aliiba."